Jiliwa, gango, klampu, vaisi: kipi ni kipi, na majina haya yametoka wapi?

*"Mimi ni fundi seremala hapa Igoma, Mwanza. Shule moja ya sekondari imenipa orodha ya vifaa vya karakana yao niwaandikie profoma. Imeandikwa hivi: jiliwa 6, inchi 7, gango 12, inchi 6, koleo 4. Nilikwenda duka la vifaa mjini, nikataja jiliwa, muuzaji akanitolea vaisi ya fundi chuma ya inchi 6 akasema za inchi 7 hakuna. Nikanunua moja kwa kujaribu. Mzee aliyenifundisha kazi anasema jiliwa ni klampu yoyote ile, na jina limetokana na kuliwa, kwa sababu chombo kinakula mbao. Rafiki yangu anasema hilo ni neno lililotungwa na BAKITA, mafundi wa kweli husema vaisi. Gango nalo, kila ninayemuuliza ananiambia ni la mtu aliyevunjika mfupa, si la seremala. Naogopa kupeleka vitu visivyo. Jiliwa na gango ni nini hasa, asili yake nini, na niandike nini kwenye profoma?"*

Fundi, umefanya vizuri kuuliza kabla hujaweka sahihi. Wanaopokea mzigo shuleni huusoma kama ulivyoandikwa kwenye karatasi. Ukimpelekea mwalimu wa useremala vaisi sita za fundi chuma, atazikataa, na ana haki ya kuzikataa. Umeuliza habari ya maneno na habari ya vifaa kwa pamoja, nami nitakujibu kwa pamoja, maana ukishaelewa chombo kinavyofanya kazi, jina lake halitakusumbua tena.

Jibu fupi ni hili. Jiliwa ndicho chombo kile kile mnachokiita vaisi: taya mbili na parafujo moja (skrubu nene inayozungushwa kwa mpini), kimefungwa kwenye benchi na hakihami. Muuzaji hakukosea jina, amekosea aina, kwa sababu liko jiliwa la seremala na liko jiliwa la fundi chuma, na hayo mawili hayafanani kazi. Gango katika orodha yako, kwa jinsi vipimo vinavyoonyesha, ni klampu ya umbo la G. Koleo nitaligusa kidogo huko mbele, lina mtego wake.

Mzee wako anaposema jiliwa ni klampu yoyote, namwelewa, kwa sababu vyote vinabana. Lakini tazama kila kimoja kinabana ili iwe nini. Jiliwa linashika kazi ili mikono yako miwili ibaki huru kuitendea kitu: kuranda, kukata, kupiga tupa, kutoboa. Kila unaposukuma randa, jiliwa linapambana na nguvu ya mkono wako. Ndiyo maana limefungwa kwa boliti kwenye benchi zito. Klampu hubebwa hadi kwenye kazi. Inashikanisha kipande na kipande na kungoja gundi ikauke au skrubu ziingie, kisha inaondolewa na kwenda mahali pengine. Kwa hiyo kila mwanafunzi anahitaji jiliwa moja, lakini mlango mmoja wa kabati unaweza kudai klampu tano kwa wakati mmoja. Hata idadi ya orodha yako inasema hivyo: majiliwa 6 ni benchi sita, magango 12 ni mawili kwa kila benchi. Aliyeiandika anaijua karakana.

Nije kwenye asili, nikianza na rafiki yako. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, iliundwa mwaka 1967. Neno jiliwa ni la zamani kuliko hapo kwa miaka mingi. Waliokusanya msamiati wa Unguja katika karne ya 19 walikwisha kuliandika, likiwa na maana hii hii ya chombo cha kubania cha fundi, na wingi wake majiliwa. Maseremala wa pwani walilitumia kabla ya kuwapo kamati yoyote ya lugha. Huku ziwani wengi hukutana nalo kwanza kwenye kitabu cha shule au mtihani wa ufundi, wakati dukani na karakanani wanasikia vaisi, basi linaonekana kama neno la ofisini. Si la ofisini. Ni neno la kazi, ila halikushika huku kama lilivyoshika kule.

Hoja ya kuliwa inavutia lakini haishiki. Tazama sarufi yenyewe. Kitenzi "liwa" ni cha kutendwa: kinacholiwa ni chakula, siyo mlaji. Kama jina lingetokana na tabia ya chombo "kula" mbao, ni mbao ambayo ingeitwa jiliwa, siyo chombo. Tena katika kamusi za zamani neno hili lina sura mbili, jiliwa na jiriwa, na kitenzi "kula" hakina r popote. Mzee wako hajazua uongo. Watu wa lugha zote hulitafutia neno gumu maelezo yanayofanana na sauti yake. Lakini usimpelekee mwalimu maelezo hayo kama ukweli.

Hapo hapo nikutahadharishe na jambo dogo linaloharibu karatasi. Wingi wa jiliwa ni majiliwa, na simu inaweza kulirekebisha yenyewe kuwa majaliwa. Majaliwa ni neno jingine kabisa, linatokana na kujalia, yale ambayo Mungu amekujalia. Soma profoma yako mara mbili kabla ya kuituma.

Vaisi tumelipokea kutoka Kiingereza, na safari yake ni nzuri kuijua kwa sababu inaeleza chombo. Mwanzo wake ni neno la Kilatini "vitis", yaani mzabibu. Mzabibu hupanda kwa vikono vyembamba vinavyojisokota, na Wafaransa wakachukua jina hilo, "vis", kuita parafujo, kitu kilichojisokota. Waingereza walipolichukua, kwanza lilikuwa jina la parafujo na la ngazi za kuzunguka, baadaye likahamia kwenye chombo kinachoendeshwa na parafujo. Kwa hiyo vaisi ina jina la kiungo chake cha katikati, kile unachokizungusha kwa mpini.

Balaa ni kwamba katika tahajia ya Uingereza neno "vice" lina mapacha wawili wasio ndugu zake. Mmoja una maana ya uovu, mwingine ni wa cheo cha makamu. Yametoka kwenye maneno tofauti ya Kilatini, yakaishia kuandikwa sawa. Wamarekani walijiepusha kwa kuandika chombo "vise". Ukipata orodha iliyotafsiriwa kwa simu ikasema "makamu wa benchi", usishangae na usiikatae: aliyeituma anataka jiliwa. Na wewe ukitafuta bei za nje kwenye intaneti, jaribu tahajia zote mbili.

Klampu ilifika kwetu kwa njia ya Kiingereza, nao Waingereza waliipata kwa majirani zao wa Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani. Mafundi waliofundishwa kwa vitabu vya Kiingereza vya zamani husema pia krampu, na wewe utasikia "sashi krampu" kwa ile ndefu ya reli. Klampu na krampu katika useremala ni kitu kimoja, usilipie mara mbili. Parafujo lenyewe ni la Kireno, "parafuso". Randa ilikuja na mafundi wa Kihindi, nao Wahindi waliipata kwa Waajemi. Msumari ni wa Waarabu. Karakana ni Kiajemi: "kar" ni kazi, "khana" ni nyumba. Nayataja haya kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaodai neno vaisi si Kiswahili eti kwa kuwa ni la kuazima. Kwa kipimo hicho hata karakana tungeifunga. Vaisi ni Kiswahili cha kazini na jiliwa ni Kiswahili cha kazini na cha vitabuni. Profoma nzuri inaandika yote mawili.

Gango ndilo neno ninalotaka tukae nalo kidogo, kwa sababu ndilo la kwetu tangu mizizi. Kitenzi chake ni ganga, na ganga ni kitenzi cha Kibantu cha zamani sana chenye maana mbili zinazoshikana: kufunga na kuponya. Aliyevunjika mguu hufungwa vipande vya ubao pande mbili ili mfupa utulie uungane. Kile kipande ni gango, au banzi kama wengine wanavyosema. Anayefanya kazi hiyo ni mganga, na kazi yake ni uganga. Serikali imelibakiza neno hilo katika cheo kikubwa cha tiba, Mganga Mkuu wa Mkoa. Na ukisikia "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo", ni kitenzi hicho hicho. Kwa hiyo wanaokuambia gango ni la mvunjika mfupa wanasema kweli. Wamesahau tu kwamba mbao nayo huvunjika.

Nenda ufukweni penye mitumbwi iliyopinduliwa kusubiri kutengenezwa. Utaona ubao uliopasuka kwa urefu, ufa umejazwa pamba iliyosokotwa na kusukumwa ndani kwa patasi butu, na juu yake kimepigiliwa kipande cha bati, upana wa vidole vitatu hivi, misumari midogo imepangwa karibu karibu pande zote mbili za ufa. Kipande kile cha bati ni gango kwa maana kamili ya neno. Kinashika pande mbili zisiachane. Mpini wa jembe uliopasuka ukavishwa pete ya chuma umetiwa gango. Chuma kilichopinda ncha mbili na kuchimbiwa ukutani kuzuia ufa usiendelee ni gango. Na fremu ya chuma yenye parafujo inayoshika mbao mbili mpaka gundi ikauke nayo inaingia humo, ndiyo maana kamusi na vitabu vya ufundi vimelitumia kwa klampu.

Lakini umeona tofauti iliyojificha? Gango la mtumbwi linabaki. Klampu inaondolewa. Mtu aliyelelewa na maana ya kwanza akisoma "gango 12" anaweza kuleta vyuma bapa vyenye matundu vya kuungia viti vilivyoachia. Hilo ndilo kosa ambalo lingeweza kukupata, na kinachokuokoa ni "inchi 6" iliyoandikwa pembeni. Klampu za G huuzwa kwa vipimo kama inchi 4, 6 na 8. Nina uhakika wa kutosha kukushauri uandike klampu ya G, ila mpigie aliyekupa orodha, muulize swali moja tu: "Magango haya ni ya kubania wakati wa gundi au ni ya kubaki kwenye samani?" Akikujibu, mwombe athibitishe kwa ujumbe wa maandishi.

Kuna maneno mengine utakayokutana nayo. Kibano na kibanio yote yanatokana na kubana, ila kibanio kwa wengi ni cha nguo kwenye kamba, na banio kwa wakulima wa umwagiliaji ni mahali pa kuzuia na kugawa maji mtoni. Usiandike banio kwenye profoma ya useremala. Koleo kwa wahunzi ni kile chombo cha kushikia chuma cha moto, na kwa seremala ni cha kung'olea misumari. Lakini kwenye ujenzi koleo ni lile la kuzolea mchanga, ndugu yake beleshi. Kwa kuwa orodha yako ni ya useremala, andika "koleo la kung'olea misumari, inchi 8" na umalize utata.

Sasa tuingie kwenye vipimo, maana hapa ndipo muuzaji alipokupoteza. Inchi za jiliwa na inchi za klampu hazipimi kitu kimoja. Kwenye jiliwa, inchi ni upana wa taya, kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye klampu, inchi ni upana wa kufunguka, yaani unene mkubwa kabisa wa kitu kinachoweza kuingia kati ya kichwa na fremu. "Jiliwa la inchi 6" na "klampu ya inchi 6" ni ahadi mbili tofauti. Kwa sashi, inchi au milimita ni urefu wa kazi inayoweza kubanwa: 600, 900, 1200 na kadhalika.

Majiliwa ya fundi chuma kwa kawaida huuzwa kwa inchi 4, 5, 6 na 8. Majiliwa ya seremala huuzwa kwa inchi 7, 9 na zaidi kidogo. Kwa hiyo muuzaji alipokuambia inchi 7 hakuna, alikuwa anaangalia rafu ya fundi chuma. Ile 7 ndiyo iliyokuwa inakuambia kwamba shule inataka la seremala, sawa na milimita 175 hivi.

Ukiyaweka mawili ubavu kwa ubavu utaona. Jiliwa la fundi chuma linakaa juu ya benchi, taya zake ni fupi, ngumu, zimechorwa meno ya kushika chuma, na sehemu ya juu ya taya inatakiwa iwe usawa wa kiwiko cha anayelitumia ili tupa iende mlalo. Ukibana mninga humo, meno yanauma, na alama zile huzitoi kwa msasa. Jiliwa la seremala linafungwa ubavuni mwa benchi, sehemu ya juu ya taya ikiwa sawa na uso wa benchi au chini kidogo, taya zake ni pana, laini, na zina matundu ya kuvishia mashavu ya mbao, yaani vibao vya kuzuia alama. Mbao ndefu inapita upande wa kushoto na kulia bila kuzuiwa. Mengi yana kikono pembeni cha kuachia nati, unalisukuma mbele na nyuma bila kuzungusha, kisha unalikaza kwa nusu mzunguko.

Nguvu ya vyombo hivi vyote inatoka kwenye parafujo, na ukilielewa hutavunja hata kimoja. Tuseme mpini wako una milimita 150 kutoka katikati hadi mkono unaposhika, na uzi wa parafujo unasogeza taya milimita 4 kwa mzunguko. Mkono umetembea karibu milimita 940, taya imetembea 4. Kwa hesabu kavu nguvu imezidishwa mara 235. Msuguano wa uzi unakula sehemu kubwa, robo tatu au zaidi, lakini robo inayobaki inatosha: ukivuta mpini kwa uzito wa kilo 15 tu, taya zinaweza kukandamiza kwa mamia ya kilo. Na msuguano ule unaokula nguvu ndio unaokufanyia kazi ya pili. Mteremko wa uzi wa namna hii ni mdogo, digrii 4 hivi kwa parafujo nene. Mteremko mdogo kiasi hicho hauwezi kuushinda msuguano wa chuma kwa chuma, basi ukiachia mpini parafujo halijirudii lenyewe. Ndiyo maana unaondoka kwenda kula na kazi unaikuta imebanwa.

Kutokana na hapo utaelewa kwa nini nakusihi usivishe bomba kwenye mpini ili kukaza zaidi. Urefu wa mpini umepimwa ulingane na nguvu ya chuma. Ukiurefusha mara mbili, unazidisha mara mbili na nguvu inayovunja, na majiliwa mengi ni chuma cha kumimina, kile tunachokiita kasti, ambacho hakipindi kikatoa onyo, kinapasuka ghafla. Kwa sababu hiyo hiyo usigeuze jiliwa la kawaida kuwa fuawe kwa kufulia chuma juu yake. Wahunzi wana jiliwa lao la mguu mrefu, la chuma kilichofuliwa, linalosimama hadi sakafuni ili mapigo yaende ardhini.

Kosa jingine kubwa ni kubana kazi upande mmoja wa taya tu. Taya ya mbele inakaa mshazari, parafujo linapinda polepole, na baada ya muda jiliwa linashika upande mmoja na kuachia mwingine. Ukilazimika kubana pembeni, weka kipande cha mbao cha unene ule ule upande wa pili. Wafundishe na wanafunzi watakaolitumia.

Kwa klampu, waharibifu ni wawili: kukaza kupita kiasi na kuacha nafasi kubwa. Gundi nyeupe inahitaji maungio yagusane vizuri, haihitaji kukamuliwa. Ukikaza hadi gundi yote ikatoka, maungio yanabaki makavu na mlango utaachia mwaka huo huo. Angalia mstari mwembamba wa matone ya gundi urefu wote wa kiungo, ukiuona, inatosha. Mkandamizo wa klampu husambaa kwenye mbao kama kwa pembe ya digrii 45 kila upande, hivyo mbao pana zinahitaji klampu chache zaidi kuliko nyembamba, na kibao kigumu kilichowekwa chini ya kichwa cha klampu kinasambaza mbali zaidi na kuzuia alama. Unapounga mbao za uso wa meza, weka klampu moja juu na inayofuata chini, la sivyo ubao wote utapinda. Pima fremu kutoka kona hadi kona pande zote mbili. Vipimo vikilingana, iko sawa, acha. Usiondoe klampu kabla ya saa nzima kupita, na usirande wala kupakia uzito mpaka kesho yake.

Kwa mninga na mbao nyingine zenye tanini nyingi (kemikali ya asili ya mti inayogeuka nyeusi ikikutana na chuma) kuna jambo la ziada. Chuma kitupu kikikutana na gundi mbichi juu ya mbao hizo kinaacha doa jeusi linaloingia ndani. Weka kipande cha karatasi ya nailoni kati ya reli ya klampu na mbao.

Shule isipokuwa na bajeti ya sashi za kiwandani, waeleze kwamba kuna vichwa vya klampu vinavyovishwa kwenye bomba la kawaida la maji la robo tatu ya inchi lililokatwa uzi. Bomba linanunuliwa hapa hapa na urefu unajichagulia. Ni chaguo ninalolipenda kwa karakana ya wanafunzi, ingawa ni zito na hupinda kidogo likikazwa sana kwenye urefu unaozidi mita moja na nusu. Na kabari mbili zinazogongwa kukutana, kati ya vizuizi viwili vilivyopigiliwa kwenye ubao, zinabana kiungo vizuri kabisa bila senti ya parafujo. Hizo usiziandike kwenye profoma, ila mwalimu atakushukuru ukizitaja.

Kwenye profoma yako andika namna hii, kila mstari ukiwa na kazi na kipimo:

Jiliwa (vaisi) la seremala la kufungwa ubavuni mwa benchi, upana wa taya inchi 7 (mm 175), pamoja na boliti zake: 6.

Gango la umbo la G (klampu ya G) la kubania mbao wakati wa kuunga, upana wa kufunguka inchi 6 (mm 150): 12.

Koleo la kung'olea misumari, inchi 8: 4.

Kabla ya kulipia, jaribu kila jiliwa dukani. Lifungue lote na utikise taya ya mbele. Kucheza kidogo ni kawaida, kugongana si kawaida. Kata vipande viwili vya karatasi, weka kimoja kila ncha ya taya kwa juu, kaza polepole, kisha vivute: vyote viwili vishikwe. La seremala likigusana juu kwanza na kuacha mwanya chini kama unene wa karatasi au mbili, hilo si kosa, limetengenezwa hivyo ili likikazwa lijae sawasawa. Ligonge kidogo kwa ufunguo: kasti nzima inalia, iliyopasuka inatoa sauti iliyokufa. Kwa klampu, kichwa kinachogusa mbao lazima kicheze huru kwenye ncha ya parafujo, na fremu isiwe bati lililokunjwa. Hewa ya ziwani ina unyevu, kwa hiyo uzi wa parafujo upakwe grisi mara unapofika. Taya usizipake kitu.

Kama bado una shaka na aina, usinunue kwa picha ya simu. Nenda chuo cha ufundi cha VETA au SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Nyakato, uombe kuonyeshwa jiliwa la seremala lililofungwa kwenye benchi, ulipime mwenyewe kwa futi.

Ile vaisi ya inchi 6 uliyokwisha kununua, irudishe kama muuzaji atakubali. Asipokubali, ibakize karakanani kwako, si hasara. Tengeneza mashavu mawili ya mbao ngumu unene wa milimita 18, marefu kidogo kuliko taya. Majiliwa mengi ya fundi chuma yana bati za meno zilizofungwa kwa skrubu mbili mbili. Zifungue, tumia matundu yale yale kufunga mashavu, vichwa vya skrubu vikiwa vimezama ndani ya mbao. Itakushikia miguu ya viti na vipande vifupi vizuri. Na siku ukiona ufa kwenye mwili wake, acha kuitumia hapo hapo na usimpe fundi wa kuchomelea barabarani aipige tu. Kasti hutaka kupashwa moto kwanza, kuchomelewa kwa fimbo maalumu na kupozwa taratibu, bila hivyo ufa mpya hutokea pembeni ya ule wa zamani. Mpelekee fundi anayechomelea injini, na akikuambia haifai, muamini.